Utaratibu wa Haki katika Kuwaondoa Maafisa wa Polisi kwenye Kozi za Kupandishwa Cheo: Mtazamo kutoka Mpaka wa Uganda na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza utaratibu unaostahili kufuatwa afisa wa polisi anapoondolewa kwenye kozi ya kupandishwa cheo kabla ya kuhitimu. Hoja kuu ni kwamba hatua hiyo, ingawa huelezwa kuwa ya kiutawala tu, huwa na uzito wa adhabu, na kwa hiyo hudai taarifa, usikilizwaji, sababu za maandishi na rufaa ya haraka. Makala yanalinganisha sheria za Uganda na Kenya, kisha yanapendekeza hatua zinazoweza kuchukuliwa na vyuo vya polisi.

1. Utangulizi

Ukanda wa mpaka unaojumuisha Nabuyoga, Tororo, Malaba na Busia unahudumiwa na askari wa mataifa mawili. Wanakabiliana na magendo yaleyale na wasafiri walewale, lakini wako chini ya katiba mbili. Afisa wa upande wa Uganda anayechaguliwa kwenda kozi anaweza kupelekwa Kabalye, wilayani Masindi. Mwenzake wa Kenya anaweza kupelekwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Wote wawili huaga kituoni wenzao wakijua kwamba wanakwenda kutafuta cheo.

Kwa sababu hiyo, afisa anayerudi kabla ya wakati, bila maelezo, hurudi na doa. Mshahara na cheo chake havikuguswa, lakini nafasi yake kwenye foleni ya kupandishwa imepotea, na kituo kizima kimeshajijazia sababu.

2. Je, kuondolewa kwenye kozi ni adhabu?

Utetezi wa kawaida ni kwamba kozi si haki bali ni fursa, na kwamba mkuu wa chuo ana mamlaka ya kulinda nidhamu. Sehemu ya kwanza ya utetezi huo ina ukweli: hakuna afisa anayeweza kudai achaguliwe. Hata hivyo, kutochaguliwa na kuondolewa baada ya kuchaguliwa ni mambo mawili tofauti. Aliyekwisha kupokelewa chuoni ana tarajio halali la kumaliza, mradi atimize masharti. Anayemwondoa anabadilisha hali iliyokwisha kuwepo, na mara nyingi kwa madai yanayogusa tabia yake. Kipimo cha haki kinapaswa kuwa matokeo ya uamuzi, si jina uliopewa.

3. Misingi ya kisheria katika nchi mbili

Nchini Uganda, ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi. Ibara ya 44 inaiweka haki ya kusikilizwa miongoni mwa zile zisizoweza kuondolewa. Ibara ya 173 inakataza mtumishi wa umma kushushwa cheo au kuadhibiwa bila sababu ya haki.

Nchini Kenya, ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 inadai hatua za kiutawala ziwe za haraka, halali na za haki, na sababu zitolewe kwa maandishi pale haki ya mtu inapoathiriwa. Ibara ya 236 inamlinda mtumishi wa umma dhidi ya hatua za kinidhamu zisizofuata utaratibu wa sheria. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua zaidi: mhusika apewe taarifa mapema, nafasi ya kujieleza, ushahidi utakaotumiwa, na maelezo kuhusu rufaa.

Tofauti iko katika undani wa maelezo. Sheria ya Kenya imeorodhesha hatua. Uganda imeacha mengi kwa mahakama na kanuni za ndani. Msingi ni mmoja.

4. Funzo la shauri la Evans

Shauri lililo karibu na suala hili liliamuliwa mwaka 1982 na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Evans, askari aliyekuwa katika kipindi cha majaribio katika polisi wa North Wales, alitakiwa ajiuzulu au afukuzwe. Mkuu wa polisi alitegemea habari kuhusu maisha yake binafsi bila kumpa nafasi ya kuzijibu. Mahakama ilitamka kwamba hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, na kusisitiza kwamba kazi yake ni kupima namna uamuzi ulivyofikiwa, si kuamua badala ya mkuu wa polisi.

Hata hivyo, mahakama haikuamuru arudishwe kazini. Evans alishinda, lakini hakuipata tena nafasi aliyoipoteza. Hilo ndilo funzo zito zaidi kwa vyuo vya polisi: haki inayochelewa haiwezi kurudisha muda.

5. Tatizo la muda

Nchini Uganda, ombi la mapitio ya mahakama hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi mitatu, na tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2019 mwombaji huonyesha kwanza kwamba amemaliza njia za ndani. Kenya nayo hudai njia za ndani zimalizwe, na humpa mtawala hadi miezi mitatu kujibu ombi la sababu. Kozi inaweza kumalizika kabla ya muda huo kupita. Basi ulinzi wa kweli hauna budi kuwepo chuoni kwenyewe.

6. Mapendekezo

Kwanza, sababu zitenganishwe. Aliyeshindwa mtihani anahitaji kuonyeshwa alama na njia ya kuomba zisahihishwe upya. Mgonjwa anahitaji uamuzi wa daktari na nafasi katika kozi ijayo. Anayedaiwa kuwa na cheti cha kughushi au kuvunja nidhamu anahitaji tuhuma kwa maandishi, ushahidi na kikao cha kusikilizwa.

Pili, palipo na hatari ya dharura, afisa asimamishwe masomo kwa muda mfupi uliotajwa, badala ya kufukuzwa papo hapo.

Tatu, anayetoa tuhuma asiwe mwamuzi. Nne, rufaa iamuliwe kabla ya kozi kumalizika. Tano, barua ya kumrudisha afisa kituoni ieleze sababu, na pale tuhuma isipothibitika, iseme hivyo waziwazi.

7. Hitimisho

Utaratibu wa haki hauzuii chuo kumwondoa asiyefaa; unakipa chuo uamuzi unaoweza kutetewa. Aidha, askari wa Busia na Tororo ndio wanaotakiwa kila siku kumweleza mtuhumiwa kosa lake na kusikiliza maelezo yake. Jeshi linalowanyima haki hiyo ndani ya madarasa yake linawafundisha somo lisilo kwenye mtaala.