Jina pekee halitoshi: Jinsi misimbo inavyotambulisha miji, samaki na bidhaa

MTU akiandika neno “Manyatta” pekee juu ya mzigo jijini Nairobi na kuukabidhi kwa karani wa matatu za masafa marefu, atakuwa bado hajasema uende wapi. Ipo Manyatta ya Kisumu, mtaa wenye msongamano mkubwa wa watu ulio jirani na Kondele. Ipo pia Manyatta ya Embu, ambayo ni eneobunge zima. Neno lenyewe lina asili ya Kimaasai, maana yake makazi, na si ajabu kwamba limepachikwa sehemu kadha nchini. Hata hiyo ya Kisumu si moja, kwani kuna Manyatta A na Manyatta B.

Herufi hizo mbili, A na B, ni msimbo wa aina sahili kabisa: alama fupi iliyoongezwa ili vitu viwili vyenye jina moja visichanganywe. (Nasema msimbo, wala si “kodi” kama wanavyoandika baadhi ya wanahabari chipukizi. Kodi hulipwa kwa serikali au kwa mwenye nyumba, na kila wiki nalifuta neno hilo mahali lisipostahili.)

Kisumu ina misimbo mingi. Kwa posta ni 40100. Kwa simu za mezani ni 057. Katika orodha ya kaunti iliyo kwenye Katiba ya 2010 ni nambari 42, kati ya Siaya na Homa Bay. Kwenye tikiti ya ndege utaona KIS, ilhali rubani na mwelekezi wa ndege hutumia HKKI, ambapo herufi ya kwanza huonyesha eneo la dunia, ya pili nchi, na mbili za mwisho uwanja wenyewe. Kila msimbo uliundwa na watu wa kazi fulani kwa haja zao, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaofika mlangoni. Nambari 40100 huishia kwenye sanduku la posta. Mama akishikwa na uchungu wa kujifungua usiku wa manane katika vichochoro vya Manyatta, dereva wa ambulensi ataelekezwa kwa kanisa, kioski au kinu cha kusagia unga.

Lipo pia tatizo la kinyume, yaani kitu kimoja chenye majina mengi. Samaki mdogo anayeuzwa kwa mikebe katika soko la Kibuye huitwa omena. Ng’ambo ya ziwa, Tanzania, ni dagaa, na Uganda ni mukene. Nalo jina dagaa halisaidii sana, maana dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, wa Ziwa Tanganyika. Ndiyo sababu wataalamu humwita omena Rastrineobola argentea, kwa kufuata utaratibu wa majina mawili ulioimarishwa na Msweden Linnaeus, ambaye kwa upande wa wanyama huhesabiwa kuanzia 1758. Ni jina gumu kutamka, lakini ripoti ya Kisumu na ya Mwanza zikilitaja, zinazungumzia samaki yuleyule.

Misimbo iliyobuniwa kwa ustadi zaidi hujikagua. Tazama mistari myeusi iliyo kwenye pakiti ya unga au sabuni, na tarakimu 13 chini yake. Zikianza na 616, kampuni husika ilipewa nambari yake na shirika la GS1 la Kenya. Wengi hudhani hiyo ni thibitisho kwamba bidhaa ilitengenezwa nchini, jambo ambalo si kweli. Tarakimu ya mwisho ndiyo mlinzi. Chukua mfano wa 6161234567890. Katika zile 12 za kwanza, jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: utapata 32. Jumlisha zilizosalia, upate 26, kisha uzidishe kwa tatu: 78. Jumla ni 110, na kwa kuwa inaishia na sufuri, tarakimu ya 13 lazima iwe 0. Mashine ikisoma 6 mahali pa 5, jumla huwa 113, hesabu inakataa, na keshia anapitisha bidhaa upya.

Nambari ya simu ya mkononi haina mlinzi huyo. Ukikosea tarakimu moja, aghalabu unapata nambari halali ya mtu mwingine. Hilo halikuwa na uzito mkubwa simu zilipokuwa za kuongea tu, lakini tangu M-Pesa ianze 2007, kosa la kidole laweza kupeleka karo ya mtoto kwa mtu usiyemjua. Wala huwezi tena kutegemea tarakimu za mwanzo kukuonyesha mtandao, kwani tangu 2011 mteja anaweza kuhama kampuni na nambari yake.

Dawa iliyopatikana ni ya kushangaza kidogo. Mnamo 2015 Safaricom ilianzisha huduma ya Hakikisha, iliyomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi fupi ya kusitisha. Yaani jina, lililoonekana dhaifu, likarudishwa kuikagua nambari. Hata hivyo, Manyatta ina akina Otieno na Achieng’ wengi mno. Soma majina yote yanayoonyeshwa, na yasipolingana na uliyemkusudia, sitisha papo hapo. Fedha zikishatoka, iarifu kampuni bila kukawia, kabla aliyezipokea hajafika kwa wakala.