Chakula cha Mkimbiaji Anayeanza

Mwaka 1968 John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City. Fikiri kwamba unaishi Tlawi, nawe waanza mazoezi. Ule kiasi gani?

Misuli hupata nguvu kutokana na wanga wa ugali na viazi. Sehemu ya wanga huwekwa akiba katika ini na misuli. Mbio fupi huhitaji nyongeza ndogo ya chakula; mbio ndefu huhitaji zaidi. Usipoongeza chakula, akiba hupungua, nawe waweza kukonda na hata kudumaa. Maharage na maziwa hujenga mwili, mboga huulinda. Baada ya mlo mkubwa, ngoja muda wa saa 2 au 3 kabla ya kukimbia.

Swali: Kwa nini mtoto anayekimbia asipunguze chakula?