Meza Nzuri Ghubra: Chagua Siku Kabla ya Kuchagua Chakula

Familia ikipanga kwenda kula nje, mjadala mzima huwa wa mahali: huku samaki wao ni wazuri, kule kuna bahari, pale bei inashikika. Siku na saa huachwa zijipange zenyewe. Mgeni kafika kutoka Unguja, mtoto kafaulu mtihani, basi twende leo usiku. Kwa banda la mishkaki la mtaani utaratibu huo hauna dhara. Kwa mkahawa wa hadhi, ule ambao mtu wa mshahara wa kawaida anaumudu mara chache kwa mwaka, ni kupoteza fedha. Sahani ile ile ya mpishi yule yule hutoka tofauti Alhamisi usiku na Jumatatu usiku, na mara nyingine hata bei yake hubadilika.

Ghubra, eneo la Maskati, Oman, panafaa kulieleza jambo hili. Upande wa kaskazini ni ufukwe, na Barabara ya 18 Novemba inapita sambamba na bahari; hapo ndipo ilipo hoteli ya The Chedi, yenye bwawa la kuogelea la mita 103. Upande wa pili ni Barabara Kuu ya Sultan Qaboos na maduka makubwa, na karibu yake umesimama Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Basi mikahawa ya hapa inapata wateja wa aina tatu: wageni wa hoteli, wafanyakazi wa maofisini na familia za Maskati. Kila kundi lina saa zake, na anayezijua saa hizo anaweza kuzikwepa.

Jiko lina kikomo

Mteja huona meza na viti. Mpishi huona nafasi juu ya moto. Jiko la makaa linabeba vipande kadhaa tu vya samaki kwa wakati mmoja, na kipande kinene cha nguru hakikubali kuharakishwa: ukizidisha moto, nje kinaungua na ndani kinabaki kibichi. Wateja wakiingia kidogo kidogo, kila sahani inapata dakika zake. Meza kumi zikiagiza ndani ya robo saa, mpishi anabaki na njia mbili. Ama akuweke usubiri, ama apike mapema nusunusu kisha amalizie harakaharaka. Chakula cha namna ya pili hakitakuwa kibovu, lakini sicho ulichokuja kukilipia.

Ndiyo maana saa ya kwanza baada ya jiko kufunguliwa ndiyo saa yenye thamani. Viungo vimekatwa, wapishi hawajachoka, na mhudumu ana muda wa kukueleza kilichopo. Nusu saa ya mwisho haifai, kwa sababu baadhi ya sehemu za jiko zimeshaanza kusafishwa na vyakula vizuri vya siku huenda vimekwisha.

Maskati, msongamano wa usiku unafuata swala. Familia nyingi hutoka baada ya Isha, na Isha huhama na majira. Mwezi Desemba jua huzama kama saa kumi na moja na dakika ishirini, na Isha huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mwezi Juni jua huzama karibu saa moja kasoro dakika tano, na Isha husogea hadi baada ya saa mbili. Kwa hiyo anayetaka utulivu wakati wa baridi afike mapema zaidi kuliko wakati wa joto. Kuswali Magharibi kisha kukaa mezani kabla ya watu wa Isha ni mpango mzuri mwaka mzima.

Wiki ya Maskati

Tangu Mei 2013, mapumziko ya wiki ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Usiku wa Alhamisi umekuwa usiku wa mji mzima: ofisi zimefungwa, kesho hakuna shule, na kila mkahawa wenye jina unajaa. Ijumaa mchana wimbi huja kwa mkupuo, mara tu baada ya swala ya Ijumaa. Jumapili hadi Jumanne usiku ndizo nyakati za kupata meza unayoitaka, ile ya pembeni au ya kutazama bahari, bila kuomba sana.

Chakula cha mchana cha siku za kazi nacho ni mlango ambao wengi wanaupita bila kuuona. Kodi ya jengo na mishahara hulipwa hata meza zikiwa tupu. Kwa sababu hiyo mikahawa mingi ya hadhi, hapa na kwingineko duniani, huweka menyu fupi ya mchana kwa bei ya chini kuliko ya usiku. Jiko ni lile lile na viungo ni vile vile. Anayetaka kuujua mkahawa kabla ya kuleta familia nzima aanzie hapo.

Joto na bahari

Ukienda Ghubra kwa ajili ya kukaa nje, majira yanakuamulia. Januari joto la mchana hukaribia nyuzi 25, na jioni unahitaji mtandio mwepesi tu. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na usiku hauleti nafuu ya kutosha. Usiku wa tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, kusini mwa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Basi Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya meza za ufukweni. Wakati wa joto, usilipie mandhari utakayoitazama kwa nyuma ya kioo; tafuta mkahawa ambao sifa yake iko jikoni.

Bahari nayo ina kalenda yake, na serikali ya Oman inailinda kwa sheria ili samaki wazaane. Kwa kawaida nguru haruhusiwi kuvuliwa kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba. Kamba huvuliwa Septemba hadi Novemba, na kamba koche Machi na Aprili. Nje ya miezi ya kuvuliwa, kilichopo mezani kwa kawaida kimetoka kwenye barafu au nchi nyingine. Kula kamba koche Agosti si kosa, lakini usilipe bei ya kitu kilichotoka baharini asubuhi. Muulize mhudumu, "Leo mmeletewa samaki gani?" Mkahawa wenye kujiheshimu hujibu swali hilo kwa furaha.

Ramadhani, sikukuu na bili

Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitegemee tarehe za mwaka jana. Mchana mikahawa mingi hufungwa kwa walaji, na jioni jiko zima huelekezwa kwenye futari, ambayo watu wote huianza dakika ile ile. Ni wakati mzuri wa kukaa na jamaa, ila si wakati wa kupima ufundi wa mpishi. Vivyo hivyo sikukuu ya taifa, ambayo tangu 2025 inaadhimishwa 20 na 21 Novemba: weka nafasi mapema, au chagua wiki nyingine. Na kama unatamani shuwa, nyama ya kuokwa ya Kiomani, kumbuka kwamba huzikwa shimoni kwenye makaa kwa siku moja au mbili. Haipikwi kwa agizo la ghafla, hivyo piga simu uulize inatoka siku gani.

Ukipiga simu hiyo, uliza pia kama bei za menyu ni kamili. Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tarehe 16 Aprili 2021, na mikahawa ya hotelini huongeza tozo nyingine pamoja na gharama ya huduma. Kodi hiyo peke yake hugeuza riali 20 kuwa 21. Riali moja ni kama dola 2.6, kwa hiyo kwa mgeni kutoka Afrika Mashariki tofauti ndogo kwenye menyu ni fedha ya kuhisiwa.

Ukitaka kuamua, anza na sababu yako. Kama ni chakula, fuata kalenda ya bahari. Kama ni mandhari, fuata majira. Kama ni mazungumzo, fuata siku za katikati ya wiki. Na kama ni bei, nenda mchana. Zipo siku chache ambapo karibu yote hayo hukutana. Ni wiki mbili za mwanzo za Novemba: kamba bado wanavuliwa, nguru amesharuhusiwa, joto limevunjika, na sikukuu haijafika. Chagua Jumatatu moja ndani ya wiki hizo, weka nafasi ya mara tu baada ya Magharibi, na mshahara wa kawaida utakukalisha kwenye meza ambayo wengine huilipia zaidi na kupata pungufu.