Mcheza Ngoma ni Mfanyakazi: Juu ya Mafunzo ya Vijana wa Jukwaani

Katika darasa moja la elimu ya siasa, mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alitusimamisha. Binti yake wa miaka kumi na mitano alitaka kujifunza ngoma ili iwe kazi yake. "Sina ugomvi na ngoma," alisema, "mimi mwenyewe nimechezwa ngoma. Ninauliza hivi: magoti yakichoka, mwanangu atakula nini?" Siku ile tulimjibu kwa maneno ya jumla juu ya umuhimu wa utamaduni. Hilo halikuwa jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tumezoea kumzungumzia mkulima na jembe lake, na mfanyakazi na mtambo wake. Mcheza ngoma tunamkumbuka siku ya sherehe tu. Mgeni anaposhuka kwenye ndege ngoma hulia juani. Hotuba zinapoanza wachezaji huambiwa wakae kando. Lakini huyu naye anafanya kazi. Tofauti ni kwamba chombo chake cha kazi ni mwili wake mwenyewe, na chombo hicho hakinunuliwi tena kikiharibika.

Shule ya uwani

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wa makabila mengi walikutana katika mitaa hii, nao walijipanga kwa ngoma. Baada ya vita hiyo vyama vya Beni vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, sare na gwaride. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Wakoloni walizitilia shaka ngoma za mjini na kutaka ziombewe kibali, kwa sababu walitambua kwamba watu wanaoweza kukusanyika kwa saa maalumu, kuchangishana fedha na kumtii kiongozi waliyemchagua wenyewe wanaweza kufanya mambo mengine pia. Hawakukosea. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma ya Bomba, alipita katika vikundi hivyo kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU.

Mafunzo ya kijana yalikuwa uwani na mtaani. Alitazama, akaiga, akacheka na kuchekwa, mpaka mzee akamwambia sasa umeshika. Nguvu ya shule hiyo ni kwamba ngoma haikutenganishwa na wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba Mzaramo alijua mdundiko, na ngoma ya Msukuma akaitazama kwa mbali.

Taifa laingia katika mafunzo

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliikemea kasumba ya wasomi waliojivunia kujua densi za kigeni huku hawaijui gombe sugu wala mangala. Katika miaka iliyofuata kiliundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Mwaka 1965 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Hatukuwa peke yetu: baada ya uhuru wa mwaka 1958 Guinea nayo ilikifanya kikundi cha Les Ballets Africains, kilichoanzishwa Paris na Keïta Fodéba, kuwa cha taifa.

Hatua hiyo ilikuwa ya kimapinduzi kwa mambo mawili. Kwanza, mchezaji alilipwa na umma. Pili, kijana alitakiwa kujifunza ngoma ya mwenzake, na hilo si jambo jepesi. Sindimba ya Wamakonde inataka magoti yakunjwe, nyonga ziwe huru na kifua kitulie. Bugobogobo ya Wasukuma inachezwa na jembe mkononi, nalo huzungushwa na kurushwa, hivyo jicho na mkono lazima vifuate mapigo sawasawa. Katika muheme wanawake wa Kigogo hupiga ngoma walizozibana miguuni huku wakiimba kwa sauti zinazoachana na kukutana. Kila ngoma ina misuli yake na pumzi yake. Kijana anayezijua zote tatu ameujifunza umoja wa taifa kwa mwili wake.

Lakini ndani ya hatua hiyo mlikuwa na mgongano. Ngoma ya kukesha ilikatwa ikawa ya dakika chache. Duara lilifunguliwa likawa mstari unaomkabili mgeni wa heshima. Sindimba, ambayo kwao imefungamana na jando na unyago, ilifika jukwaani bila mafunzo yake, ikabaki kiuno. Kisha watu wakaanza kulalamika kwamba ni ngoma ya aibu. Aibu haikuwa ya ngoma. Ilitokana na kuchukua tendo na kuacha maana yake.

Jukwaa la kiingilio

Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikundi vya taifa havikuwapo tena. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo wakaenda kufundisha huko. Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyejulikana duniani kwa ilimba na zeze, aliyefariki mwaka 2003. Chuo hicho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Mjini Dar es Salaam ngoma ikaingia kwenye baa na kumbi za starehe. Vikundi kama Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980, na DDC Kibisa vilitoa katika onyesho moja ngoma, sarakasi, maigizo na muziki. Tusiwabeze. Walifundisha vijana wengi na kulisha familia. Walakini sheria ya kiingilio ni moja: kinachofundishwa ni kile kinachouza tiketi Jumapili hii. Mwalimu mwenye onyesho jioni hana muda wa kurekebisha kisigino cha mwanafunzi kwa miezi sita. Na mchezaji asiye na mkataba akiumia, hasara ni yake.

Wenzetu walifanyaje?

Densi ya bale ilikulia katika majumba ya wafalme, na shule ya Opera ya Paris ina asili yake mwaka 1713. Hata hivyo, baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, Cuba haikuitupa bale kwa kuwa ilikuwa starehe ya matajiri. Pamoja na Alicia Alonso, iliwafungulia watoto wa wafanyakazi na wakulima mlango wa shule zake bila ada. Humo mtoto anajifunza densi pamoja na masomo ya kawaida. Hatulazimiki kuiga densi yao. La kuiga ni ule utaratibu wa kumlea mtoto mzima badala ya miguu yake peke yake.

Jibu kwa mama yule

Tunaona mambo manne yanayopaswa kusimamiwa.

(a) Mwili utunzwe. Kurukaruka kila siku juu ya sakafu ya saruji huumiza muundi na magoti. Udongo wa uwani ulikuwa mwema zaidi. Sakafu ya mbao, kupasha mwili moto, chakula na mapumziko ni zana za kazi, kama mafuta katika mtambo.

(b) Kijana asiachishwe shule. Maisha ya kucheza ni mafupi, kwa hiyo ajifunze pia kufundisha, kupiga ngoma, kutunza hesabu au kushona mavazi ya jukwaani.

(c) Wenye ngoma wawe walimu, na walipwe. Bibi anayejua maana ya mwendo asiitwe kurekodiwa tu kisha akasahauliwa.

(d) Mkataba uwepo kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua haki za wanaotumbuiza. Sheria isiyojulikana na mwenye haki hainufaishi mtu ila mwajiri.

Liko na suala la mahali. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinabomolewa kupisha maghorofa, na uwani unaondoka nazo. Watoto wanacheza singeli kwenye vibaraza vya maduka mpaka wafukuzwe. Kumbi za umma na za Chama zilizofungwa siku za kazi zifunguliwe jioni kwa ajili yao. Kada anayetaka kuanza leo na aanzie hapo, kwa kuuliza ufunguo wa ukumbi wa kata yake unakaa kwa nani.

Tulipokutana tena na mama yule tulimweleza hayo yote. Alisikiliza, kisha akauliza ukumbi uko wapi. Hilo ndilo swali tunalowaachia wasomaji wetu walifanyie kazi.