Mtoto amemaliza chuo: atatibiwa kwa kadi gani?



Mwaka jana kulikuwa na furaha katika nyumba ya mmoja wetu tunaoandika jarida hili. Kijana alimaliza chuo kule Huye, tukapika wali, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akabaki mjini kutafuta kazi. Miezi miwili haijaisha, simu ikalia usiku: kijana amelazwa, tumbo, inabidi apasuliwe.

Tukasema, si ana mituweli? Kumbe kadi ile ilikuwa ya mwanafunzi. Masomo yalipokwisha, jina lake likatoka kwenye orodha. Hakuna aliyetuambia, na sisi pia hatukuuliza. Hospitali ikataka gharama yote. Tuliuza mbuzi na redio, tukakopa kwa jirani.

Hapa Rwanda, sisi wa kambini tunatibiwa kwenye kituo cha afya cha kambi bila mchango. Kuanzia mwaka 2019, wakimbizi wanaokaa mijini na wanafunzi wanaosoma nje ya kambi walianza kuingizwa kwenye mituweli, bima ya wananchi ambayo RSSB inaisimamia tangu 2015. Sasa aliyemaliza chuo yuko katikati: si mwanafunzi tena, na kambi iko mbali. Wengine husema, "Nikiugua nitapanda basi nirudi nyumbani." Sawa kwa kikohozi, lakini tumbo la kupasuliwa halingoji basi.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kupokea diploma yako, nenda na kitambulisho chako cha mkimbizi uulize ofisi mambo mawili: kadi ya mwanafunzi inaisha siku gani, na jina lako litaingiaje kwenye orodha ya wakimbizi wa mjini. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai. Uliza mapema, usingoje homa.

Mituweli ina uzuri wake. Kwenye kituo cha afya mgonjwa huongeza faranga 200 tu, na hospitalini hulipa asilimia 10 ya bili. Lakini ina njia yake: unaanzia kituo cha afya, wao ndio wanaokupa karatasi ya kukutuma hospitali ya wilaya. Ukiruka ngazi hiyo bila kuwa na hali ya dharura, unalipa mwenyewe.

Ukipata kazi, mambo yanabadilika. Waajiri wengi wamo katika bima ambayo watu bado wanaiita RAMA. Mchango wake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nusu yako na nusu ya mwajiri. Tuseme unapata 150,000: kwako zinakatwa 11,250, na mwajiri anaweka nyingine 11,250. Ukitibiwa unalipa asilimia 15. Yaani kwenye bili ya 80,000, mwenye mituweli hutoa 8,000 na mwenye RAMA 12,000. Mtu atasema basi mituweli ni bora! Ngoja kwanza. RAMA inakufungulia kliniki na maduka ya dawa ya watu binafsi, na inamchukua mke au mume wako pamoja na watoto. Kwa mwenye familia changa, sisi tungechagua hiyo bila kufikiri sana.

Wazazi, tusikilizane hapa. Bima hiyo haimchukui baba, wala mama, wala wadogo zake. Tumesikia ugomvi katika nyumba za watu: "Ana kazi Kigali, anakataa kututia kwenye kadi yake!" Hakatai jamani, sheria ndiyo haimruhusu. Sisi tunabaki na kituo chetu cha kambi.

Na wewe unayeanza staji au kazi ya miezi mitatu, uliza kabla ya kutia sahihi: bima imo au haimo? Wengi wanaona haya kuuliza, wanaogopa kunyimwa kazi. Kama haimo, usiache mituweli yako ikatike. Na kama imo, angalia karatasi ya mshahara ya mwezi wa kwanza, uone kama mchango umekatwa kweli.

Kijana wetu alipona, na sasa anafundisha. Deni la jirani tulilimaliza mwezi wa pili mwaka huu. Redio bado hatujanunua nyingine.