Koki Iko Wapi?

Siku moja bomba lilipasuka juu ya dari ya ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi. Fundi alifika upesi, mkoba begani, akauliza swali moja tu: koki iko wapi? Hakuna aliyejua. Michoro ya jengo ikaletwa kutoka stoo, karatasi zimegandana kwa unyevu, na pale mchoro ulipoonyesha koki palikuwa na ukuta mtupu. Mwishowe tukampigia simu mzee aliyekuwa msimamizi wa jengo kabla ya kustaafu. Akajibu papo hapo: jikoni, nyuma ya kabati la vyombo, chini, mkono wa kushoto. Tulikuwa tumekinga maji kwa ndoo saa nzima, kwa sababu elimu ya jengo lote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Jengo la kawaida husanifiwa na kujengwa kwa miaka michache, kisha watu hulitumia kwa makumi ya miaka. Hata hivyo maarifa mengi kulihusu huzaliwa katika ile miaka michache ya mwanzo, na mengi hupotea siku ya kukabidhi funguo. Modeli ya kidijitali ya jengo inaweza kuziba pengo hilo, mradi ifike mikononi mwa wale wanaolitunza.

Kwanza tuelewe modeli hiyo ni nini. Mchoro wa karatasi ni mistari. Mtu mzoefu ndiye anayetambua kwamba mistari hii miwili ni ukuta na ule upinde ni mlango. Ndani ya modeli, mlango ni mlango: umo kwenye ukuta fulani, unaingia chumba fulani, una upana wake na kitasa chake. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1975 Chuck Eastman, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alieleza mfumo wa kompyuta ambamo badiliko likifanywa mara moja, michoro yote inayolitegemea inabadilika.

Wasanifu na wakandarasi wengi leo hufanya kazi kwa modeli za aina hiyo. Tatizo huanza kwenye makabidhiano. Mwenye jengo hupewa mafaili na vitabu vya maelekezo, kisha karani hukaa wiki kadhaa akiingiza upya kwenye programu ya matengenezo taarifa za pampu, feni na viyoyozi, taarifa ambazo tayari zilikuwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ripoti ya NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ilikadiria mwaka 2004 kwamba mifumo ya kompyuta ya ujenzi isiyosomana iliigharimu nchi hiyo dola bilioni 15.8 kwa mwaka. Takriban theluthi mbili ya hasara hiyo iliwaangukia wamiliki na waendeshaji wa majengo.

Kiungo kinachokosekana ni kitambulisho. Katika IFC, muundo wa wazi wa mafaili ya modeli uliokubaliwa na shirika la viwango la ISO, kila kifaa hupewa namba ya pekee yenye alama 22. Pampu ikishakuwa na namba yake, programu ya matengenezo inaweza kuhifadhi chini ya namba hiyohiyo tarehe ya huduma ya mwisho, muda wa dhamana na vipuri vyake. Fundi akiigusa pampu ndani ya modeli, kwenye kioo cha simu, anaona inapeleka maji vyumba vipi, na akiifunga ni nani watakaokosa maji.

Mwaka 2007 Bill East, wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, alikuja na utaratibu mwepesi zaidi wa kukabidhi taarifa hizo, uitwao COBie. Unaweza kuandikwa hata kwenye lahajedwali: ghorofa, vyumba, aina za vifaa, kifaa kimoja kimoja, vipuri na kazi za matengenezo. Faida yake kubwa ni wakati. Taarifa hukusanywa na kila anayezizalisha, siku anapozizalisha, wala hazisubiri kusakwa siku ya mwisho.

Je, jengo la zamani lifanyeje? Jumba la Opera la Sydney linatupa funzo. Lilianza kujengwa mwaka 1959, enzi za michoro ya mkono. Msanifu wake, Mdenmaki Jørn Utzon, alijiuzulu mwaka 1966, na jumba likafunguliwa mwaka 1973 baada ya wengine kulimalizia. Paa zake zilizotuna kama matanga zina vigae zaidi ya milioni moja, na maji ya bandarini husaidia kulipoza jumba. Watafiti wa Australia walilitumia kama mfano katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007, wakionyesha kwamba modeli inaweza kuwa uti wa mgongo wa taarifa zilizotawanyika, kuanzia michoro hadi alama za ukaguzi wa vyumba. Kwa hiyo umri wa jengo si kikwazo. Kinachohitajika ni kuamua taarifa zipi zina faida kwa anayelitunza, maana fundi bomba hana haja na kila skrubu.

Modeli nayo inahitaji matengenezo. Koki ikihamishwa leo bila mtu kuandika, kesho kioo cha simu kitadanganya kama ile karatasi ya stoo ilivyotudanganya. Ndiyo maana kazi ya fundi isihesabiwe imekwisha hadi badiliko limeingizwa, na fundi alipwe kwa muda huo pia.

Mwenye jengo jipya, kabla ya kutia saini, achague koki moja yoyote, aitafute kwenye modeli, kisha apande ngazi afungue dari aone kama ipo. Mwenye jengo la zamani lisilo na modeli aanze na mzee kama yule wetu. Amwombe wazunguke pamoja chumba kwa chumba, simu ikirekodi, kabla hajastaafu.