Kioo Kikubwa Kisikutie Hasara

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumzie kifaa kinachokaa ndani ya kasha la kompyuta, hakionekani kwa nje, lakini kinaweza kumeza fedha za magunia kadhaa ya mpunga bila kumpa mwenye nayo faida yoyote. Kifaa hicho ni kadi ya grafiki.

Huenda mwingine akauliza: jambo hilo linatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Linatuhusu sana. Katika miji ya kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kama vile Makambako, Igawa na Chimala, kazi ya kupiga na kuhariri video za harusi, kipaimara na mahafali imekuwa ajira ya vijana. Simu za siku hizi zenyewe hupiga video ya 4K. Basi kijana mwenye studio Igawa akishavuna na kuuza mpunga, hununua kioo kikubwa cha 4K. Akikiwasha kwenye kompyuta yake ya mtumba, mshale unakokota kama trela lililopakia kupita kiasi. Anaambiwa: "Nunua kadi kubwa." Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kwanza tuelewe kazi ya kadi yenyewe. Picha unayoiona kwenye kioo imeundwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Kioo cha kawaida cha HD kamili kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani jumla ya 2,073,600. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Hiyo ni mara nne kamili. Na nukta hizo huchorwa upya kwa kawaida mara 60 kila sekunde. Anayezichora na kuzituma kwenye kioo ndiye huyo tunayemwita grafiki.

Sasa, watu wengi hudhani kwamba kioo kikiwa kikubwa ni lazima kadi nayo iwe na kumbukumbu kubwa. La hasha. Picha moja ya 4K, ukiihesabia baiti 4 kwa kila nukta, haizidi megabaiti 34. Kuonyesha barua, hesabu au picha iliyotulia hakuhitaji kadi ya bei mbaya. Tatizo la yule kijana mara nyingi haliko kwenye nguvu. Liko kwenye njia.

Chukua mfano wa barabara. Mchele wa Mbarali unaweza kuwa mwingi ghalani, lakini kama daraja haliruhusu lori zito kupita, haufiki sokoni. Tundu na waya vinavyounganisha kompyuta na kioo ndivyo daraja letu. Tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu 15, lilianza mwaka 1987, na halikuundwa kwa ajili ya mzigo wa 4K. Tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, hupitisha 4K, lakini kwa mara 30 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mshale unakokota. HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, hupitisha mara 60. Na DisplayPort, kuanzia toleo la 1.2, nayo hufikia mara 60. Kwa umbo la nje, HDMI ya zamani na ya sasa hazina tofauti. Ni lazima uulize toleo.

Hapa nawaomba msikilize kwa makini. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoletwa kama mtumba kutoka Ulaya zina tundu la DisplayPort. Kama prosesa yake ni ya Intel Core i5 au i7 ya kizazi cha nne, yaani ya mwaka 2013, au ya baadaye, basi nyingi kati ya hizo zinaweza kuonyesha 4K kwa mara 60 kupitia tundu hilo, bila kadi yoyote ya kuongeza. Kijana wetu huenda alichomeka HDMI, kumbe alihitaji waya wa DisplayPort tu! Bei ya waya na bei ya kadi ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, geuza kompyuta uitazame mgongoni.

Je, kadi inahitajika lini basi? Inahitajika pale kazi yenyewe inapokuwa nzito: kuhariri video ya 4K, kuchora majengo kwa vipimo vya pande tatu, au michezo ya kompyuta. Katika kuhariri video, jambo la kuuliza si kumbukumbu peke yake, bali uwezo wa kadi kufungua na kufunga video kwa mitambo yake yenyewe. Simu nyingi huhifadhi video ya 4K kwa mfumo wa H.265, na grafiki ya prosesa za mwaka 2013 haina mtambo wa kuufungua. Prosesa hubeba mzigo wote peke yake, na kompyuta huelemewa.

Lakini si kila kadi inamaliza tatizo hilo. Mathalani, Nvidia GT 1030 ya mwaka 2017 huonyesha 4K kwa mara 60 bila shida na hufungua video za H.265, ila haina mtambo wa kufunga video. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 nayo haina. Mhariri akinunua moja ya hizo atafurahia kioo kizuri, lakini video ya harusi itachukua muda ule ule kukamilika. GTX 1650 ya mwaka 2019 inao mtambo huo. Kwa kumbukumbu, anayehariri 4K asishuke chini ya gigabaiti 4, na akiweza afikie 8.

Jambo la tatu ni kasha na umeme. Kompyuta nyingi za mtumba ni zile nyembamba, na pawa saplai zake ni za wati 180 hadi 255 hivi. Kadi ya kimo cha kawaida haiingii humo. Panahitajika kadi fupi. Tena, nafasi inayochomekwa kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi inayokula zaidi ya hapo huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, na kompyuta hizo mara nyingi hazina waya huo. Kwa hiyo tafuta kadi fupi, isiyozidi wati 75, isiyohitaji waya wa ziada. Aidha, kumbuka kwamba huku kwetu umeme hukatika. UPS ya VA 650 hubeba mzigo usiofikia wati 400. Ukiweka kadi ya wati 200, pamoja na prosesa na kioo, siku umeme ukikatika utakuwa na dakika chache tu za kuhifadhi kazi.

Mwisho, jihadharini na bandia. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina kwa ndani ili kompyuta isome kwamba ni mpya. GTX 1050 Ti imeigizwa sana kwa njia hiyo. Dalili mojawapo ni tundu la VGA: kadi halisi ya jina hilo, kwa kawaida, haina. Aidha, Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali uitwao Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Baadhi yake, kama P106-100, hazina hata tundu moja la kuchomeka kioo. Mtu anauziwa kadi isiyoweza kuonyesha picha!

Anayenunua kutoka Kariakoo akiwa Igawa ana mzigo zaidi, maana kurudisha kadi mbovu ni nauli nyingine ya basi. Basi mwambie muuzaji achomeke kadi, afungue programu ya bure iitwayo GPU-Z, na akupigie video kwa simu ikionyesha jina la kadi, aina ya chipu na kumbukumbu yake. Programu hiyo huweza kutambua nyingi kati ya kadi hizo za bandia. Dai risiti, na yaandikwe humo makubaliano ya kurudisha. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Kwa kifupi, ndugu wasikilizaji: anza na tundu na waya, kisha kazi yenyewe, kisha kasha na umeme, na bei iwe ya mwisho. Kuuliza si ujinga, na rahisi mara nyingi huwa ghali. Mpunga umelimwa kwa jasho. Usiishie ndani ya sanduku la bati.

Hadi juma lijalo, nawatakieni kazi njema.